Maegesho ya magari mjini: muda, ushuru na haki ya kila mtumiaji wa barabara

Katika mji unaokua, hakuna kipande cha ardhi ya umma kinachogombaniwa kama ukingo wa barabara. Mwenye duka anautaka kwa ajili ya wateja wake, dereva wa teksi anautaka kwa abiria, mwendesha boda boda anautaka kuwa steji yake, mchuuzi anataka kutandika bidhaa, na mtembea kwa miguu anahitaji njia ya kupita bila kusukumwa katikati ya magari. Makala haya yanaeleza jinsi maegesho ya umma yanavyosimamiwa, mamlaka hayo yanatoka wapi, na mambo ambayo mkazi wa Kasese, Bwera au Nyakalengija anapaswa kuyajua anapodaiwa ushuru.

Kinachosimamiwa ni muda

Watu wengi hudhani kwamba tatizo la maegesho ni uchache wa nafasi. Mara nyingi tatizo kubwa zaidi ni muda ambao gari moja hukaa katika nafasi hiyo. Tuchukue nafasi moja mbele ya maduka, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ikiwa gari moja litakaa hapo kutwa nzima, nafasi hiyo imemhudumia mtu mmoja. Ikiwa kila gari litakaa nusu saa na kuondoka, nafasi ile ile inaweza kuhudumia magari 20. Barabara haikupanuliwa hata kidogo, lakini wateja wameongezeka.

Hii ndiyo sababu ya msingi ya kutoza ushuru kwa saa. Lengo lake la kwanza ni kumfanya dereva aondoke anapomaliza shughuli yake. Mapato ni tokeo la pili. Halmashauri inapoanza kuhesabu mapato tu na kusahau mzunguko wa magari, ushuru hugeuka kuwa kodi nyingine isiyo na huduma, na wananchi huuchukia kwa haki.

Chimbuko la mita

Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa katika jiji la Oklahoma City, Marekani, mwezi Julai mwaka 1935. Wafanyabiashara wa huko walikuwa wakilalamika kwamba nafasi za katikati ya mji zilikaliwa tangu asubuhi na magari ya wafanyakazi, na wanunuzi hawakupata pa kusimama. Malipo yalikuwa senti tano kwa saa.

Mtaalamu aliyelichunguza jambo hili kwa undani zaidi ni Donald Shoup, profesa wa mipango miji katika chuo kikuu cha UCLA, ambaye kitabu chake kuhusu gharama iliyofichika ya maegesho ya bure kilitoka mwaka 2005. Alipendekeza kwamba bei iwekwe kwa kiwango kinachoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila mtaa, ili dereva asilazimike kuzunguka akitafuta. Alipendekeza pia kwamba fedha zinazokusanywa zirudi katika mtaa ule ule. Mfano wake maarufu ni mji wa Pasadena, California, ambao ulianza kutoza mwaka 1993 katika eneo lake kongwe la biashara na kutumia mapato kukarabati njia za miguu, taa na usafi wa eneo hilo. Wenye maduka waliokuwa na hofu walikubali walipoona fedha zao zinafanya kazi mbele ya milango yao.

Uzoefu wa Afrika Mashariki

Jijini Kampala, kazi ya kukusanya ushuru wa maegesho ya barabarani ilifanywa kwa miaka mingi na kampuni binafsi ya Multiplex kwa mkataba na mamlaka ya jiji. Utaratibu huo huipunguzia halmashauri gharama za ajira, lakini huzaa swali lisilokwepeka: ni sehemu gani ya fedha inabaki kwa kampuni, na ni ipi inayorudi barabarani? Kampala imetoa funzo jingine pia. Baadhi ya majengo ya biashara yaliidhinishwa yakiwa na ghorofa ya chini kwa ajili ya magari, kisha wenye majengo wakaigeuza kuwa maduka. Magari yaliyopaswa kuwa chini ya jengo yakabaki barabarani.

Nairobi iliingia katika mvutano mkali baada ya sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka 2013 kupandisha ada ya siku kutoka shilingi 140 hadi 300 za Kenya. Ada ya siku nzima ina kasoro ya kimsingi: aliyekaa dakika 20 hulipa sawa na aliyekaa tangu asubuhi hadi jioni, hivyo hakuna kinachomhimiza mtu kuondoka mapema. Nchini Tanzania, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianzisha mwaka 2021 ukusanyaji wa ushuru kwa njia ya kielektroniki, ambapo dereva hulipa kwa simu na malipo huacha kumbukumbu.

Mamlaka yanatoka wapi?

Nchini Uganda, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 huyapa mabaraza ya miji uwezo wa kutunga sheria ndogo na kutoza ada, mradi sheria hizo zisipingane na Katiba, sheria za Bunge au maamuzi halali ya baraza la juu yake. Kwa hiyo ushuru wa maegesho unapaswa kuwa na msingi katika uamuzi wa baraza. Amri ya mdomo ya mtu aliyevaa fulana yenye nembo haitoshi.

Ipo tofauti nyingine muhimu. Mitaa ya ndani ya mji iko chini ya halmashauri, lakini barabara kuu za taifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barabara kuu kutoka Mbarara kwenda Fort Portal kupitia Kasese, na tawi lake linaloachana nayo Kikorongo kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, ni barabara za taifa. Mpango wowote wa maegesho kandokando yake huhitaji makubaliano ya pande zote mbili, pamoja na polisi wa usalama barabarani.

Kasese, Bwera na Nyakalengija: mahitaji matatu

Kasese, iliyopata hadhi ya manispaa mwaka 2010, ina mahitaji ya dakika. Mtu anakuja benki, duka la dawa au duka la vifaa vya ujenzi, kisha anaondoka. Manispaa hii ni miongoni mwa zilizoongezwa katika mpango wa kuendeleza miji wa USMID, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao ulijenga barabara za lami zenye njia za miguu na taa. Barabara mpya isiyo na utaratibu wa maegesho hujaa haraka, na wa kwanza kuijaza mara nyingi ni wenye maduka wenyewe.

Bwera na Mpondwe zina mahitaji ya saa na siku. Malori yanayosubiri nyaraka za forodha kabla ya kuvuka kuelekea Kasindi, nchini Kongo, hayawezi kuharakishwa kwa ushuru wa nusu saa. Yanahitaji yadi yao nje ya barabara. Yakiachwa kandokando, wanaoumia ni wanawake wafanyabiashara wadogo wanaovuka mpaka na mizigo yao, hasa siku za soko, na wanafunzi wanaotembea kwenda shule.

Nyakalengija ina mahitaji ya juma zima. Ni lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Safari ya mzunguko wa kati huchukua takriban siku saba, na gari la mpanda mlima husubiri muda huo wote. Gari hilo linahitaji ulinzi, na huo unaweza kuwa ajira kwa vijana wa kijiji. Kulitoza kwa saa, kama lililosimama katikati ya mji, hakuna maana.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, kiwango kimebandikwa hadharani? Pili, anayekusanya ana kitambulisho cha halmashauri au cha kampuni yenye mkataba? Tatu, risiti inaonyesha tarehe, saa, namba ya gari na kiasi? Nne, ikiwa gari limefungwa mnyororo, ni ofisi gani inayopokea malalamiko? Tano, je, zimetengwa nafasi kwa watu wenye ulemavu na njia ya watembea kwa miguu?

Swali la sita huulizwa katika kikao cha bajeti cha baraza, mbele ya diwani: fedha za mwaka uliopita zilifanya nini? Mji unaoweza kulijibu kwa kuonyesha mtaro uliozibuliwa au taa inayowaka utapata walipaji wasiohitaji kufukuzwa.