Sola: kifaa kisichoulizwa bei

Wadau, nikiulizwa habari za sola hapa Kibera na Kawangware, swali huwa bei ya paneli na betri. Kontrola haitajwi. Ni tabia ya zamani: miaka ya 1990 Wakenya wengi waliunga paneli ya wati 12 moja kwa moja kwenye betri ya gari, kuokoa pesa.

Kwangu mimi mwandika programu, kontrola ni masharti mawili. Volti zikifika kama 14.4, punguza chaji, la sivyo maji ya betri hukauka. Zikishuka karibu 11.5, kata taa, la sivyo betri hufa mapema.

Mwaka 2012 M-KOPA ikaleta kisanduku chenye vyote ndani, kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa. Sharti la tatu likaongezeka: hujalipa, giza.

Kabla ya kununua betri nyingine, ulizeni kwanza: kontrola iko wapi?