Kitimwendo

Katika vitabu vinavyosifu ufundi wa kisasa, neno “kitimwendo” hutajwa kwa taadhima, kana kwamba mwendo umo katika chuma chenyewe. Lakini sisi tunaokikalia, tukisoma habari hizo hapa Same, twajua dhahiri kwamba kwenye lami ya mjini kiti hutii mikono yetu, ila katika njia za kupanda Milima ya Upare, mvua za masika zikinyesha, magurudumu madogo ya mbele huzama katika udongo mwekundu, mwendo ukasalia katika jina tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yatambua haki ya mazingira yasiyo na vikwazo. Basi mwandishi akikisifu kiti, aihesabu na barabara kuwa sehemu ya ufundi huo.