Mkate katika Nahau na Methali za Kiingereza: Historia Fupi ya Neno Moja

UTANGULIZI

Mwanafunzi akutanapo na neno la Kiingereza "breadwinner" huona ndani yake maneno mawili anayoyafahamu, yaani mkate na mshindi. Ayaunganishapo hupata "mshindi wa mkate", jina ambalo katika Kiswahili halimtaji mtu yeyote wa maana. Kosa hilo halitokani na upungufu wa kamusi, bali hutokana na kutoijua historia. Kitenzi "winnan" cha Kiingereza cha kale, ambacho ndicho asili ya "win" ya leo, kilikuwa na maana ya kutaabika, kufanya kazi ngumu na kupigana. Maana ya kushinda ilikuja baadaye, kama tunda la taabu hiyo. Anayetajwa na neno hilo, basi, ni mtu anayeutolea mkate jasho lake ili wa nyumbani kwake wale. Kiswahili kina namna zake za kumtaja: ni mtafuta riziki, au ni tegemeo la jamaa.

Makala haya yanakusudia kulifuata neno hilo moja, mkate, katika nahau na methali za Kiingereza, na kuonyesha kwamba semi hizo hazikubuniwa kwa ajili ya kuipamba lugha. Zilizaliwa na mahusiano ya watu halisi: aliyekuwa na mkate na asiyekuwa nao, aliyeugawa na aliyeungoja. Mfasiri asiyeyajua mahusiano hayo atahamisha maneno na kuiacha maana nyuma.

BWANA, BIBI NA MLA-MKATE

Katika Kiingereza cha kale jina la kawaida la mkate lilikuwa "hlaf", ambalo leo limebaki katika "loaf", yaani mkate mzima mmoja. Kutokana na "hlaf" lilipatikana "hlafweard", maana yake mlinzi wa mkate. Kwa kutamkwa vizazi baada ya vizazi, neno hilo lilifupika likawa "hlaford", na hatimaye "lord", yaani bwana au mtukufu. Mwenziwe wa kike alikuwa "hlæfdige", mkanda unga wa mkate, ambaye leo ni "lady". Ni dhahiri kwamba Mwingereza wa leo alitamkapo neno "lord" hasikii harufu ya tanuri. Hata hivyo tanuri limo ndani ya neno hilo.

Palipokuwa na mlinzi wa mkate hapakosi kuwa na aliyelishwa. Huyo aliitwa "hlafæta", mla-mkate. Neno hilo limo katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent aliyetawala mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7. Sheria hizo ndizo maandishi ya kwanza yanayojulikana ya lugha ya Kiingereza. Zimeagiza kwamba mtu akimwua mla-mkate wa mtu huru wa kawaida, atalipa fidia ya shilingi 6. Yafaa neno hilo litafakariwe. Mtumishi hakutajwa kwa kazi aliyoifanya, ingawa pengine ndiye aliyelima ngano, akaivuna na kuisaga. Alitajwa kwa kile alicholishwa. Lugha ilimhesabu kuwa mlaji, na aliyeketi juu ya ghala ikamhesabu kuwa mlinzi.

Hapa pana tofauti ya kuzingatiwa kati ya lugha hizi mbili. Katika Kiswahili, kula aghalabu ni tendo la mwenye nguvu: mkubwa hula rushwa, wajanja hula njama, na anayeingia madarakani husemwa kuwa zamu yake ya kula imefika. Katika Kiingereza cha kale, kula mkate wa mtu kulikuwa alama ya unyonge. Anayefasiri habari za ukubwa na udogo baina ya lugha hizi hana budi kuikumbuka tofauti hiyo.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza. Mojawapo ni "companion", lenye asili ya Kilatini: "com" ni pamoja na "panis" ni mkate. Mwenzi ni mtu unayekula naye mkate mmoja. Hivyo Kiingereza kikawa na picha mbili za mkate, moja ya ukubwa na moja ya ushirika. Picha hizo zimeendelea kushindana katika semi zake hadi leo.

SERIKALI NA MIZANI YA MWOKAJI

Katika karne za kati mkate ulikuwa jambo la dola. Sheria ya mkate na pombe, ambayo kwa desturi huwekwa mwaka 1266 katika enzi ya Mfalme Henry wa Tatu, haikuweka bei ya mkate bali uzito wake. Mkate wa robo peni ulibaki kuwa wa robo peni. Ngano ilipopanda bei mkate ulipungua uzito, na ngano iliposhuka mkate uliongezeka. Mwokaji aliyepunja alitozwa faini, na aliyezidi kukosa aliweza kutiwa katika mkatale hadharani. Kwa sababu hiyo wengi huueleza usemi wa "dazeni ya mwokaji", ambayo ni 13 na si 12, kuwa ni kumbukumbu ya waokaji waliotia mkate wa ziada wasije wakashtakiwa kwa kupunja. Utaratibu huo uliishi karne nyingi, ukafutwa London mwaka 1822 na kwingineko mwaka 1836.

Methali mbili mashuhuri za mkate zimo katika mkusanyo wa methali uliochapishwa na John Heywood mwaka 1546. Ya kwanza husema kwamba nusu ya mkate ni bora kuliko kukosa mkate kabisa. Ya pili humhusu mtu anayejua ni upande upi wa mkate wake uliopakwa siagi, yaani anayejua maslahi yake yako wapi na ni nani asiyefaa kuudhiwa. Methali ya kwanza ni ya mnyonge anayepokea kilichopo, na ya pili ni ya mtumishi aliyekwisha kujifunza kuishi karibu na meza ya mkubwa. Kiswahili hakihitaji kuazima mkate ili kuisema ile ya kwanza, kwani kina yake: nusu shari kuliko shari kamili. Mwingereza hupima kwa chakula kilichosalia. Mswahili hupima kwa balaa iliyopungua. Hekima ni moja, mizani mbalimbali.

Hapa patolewe onyo. Watu wa tabaka la juu huitwa kwa Kiingereza "gamba la juu", na hadithi ipendwayo ni kwamba zamani sehemu ya juu ya mkate ilitengewa mabwana, na ya chini, iliyoungua na kushika majivu, ikaachiwa watumishi. Ni kweli kwamba kitabu kimoja cha adabu za mezani cha karne ya 15 kinamwagiza mtumishi kumkatia bwana wake gamba la juu. Lakini matumizi ya usemi huo kwa maana ya tabaka la watu yanaonekana katika karne ya 19, karne nne baadaye. Hadithi tamu si ushahidi, na mwanafunzi wa nahau hana budi kujihadhari nayo.

MKATE WA MAANDIKO

Hakuna kilichoueneza mkate katika semi za Kiingereza kuliko Biblia. William Tyndale alipochapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, aliuweka mkate wa kila siku katika sala ya Bwana, na tafsiri ya mwaka 1611 ikaushika. Tangu hapo "mkate wa kila siku" ukawa usemi wa kawaida kwa maana ya mahitaji yote ya maisha.

Wafasiri wa Kiswahili waliotoa Biblia ya Muungano mwaka 1952 walilikabili neno hilo kwa busara ya kupigiwa mfano. Katika sala, sura ya 6 ya Mathayo, hawakutumia mkate. Walitumia riziki, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwa Mswahili hukusanya chakula, kipato na majaliwa ya Mungu pamoja. Lakini sura mbili kabla yake, katika kisa cha majaribu, walibakiza mkate, kwa kuwa hoja pale ni mawe kugeuzwa mikate, na jiwe haligeuki riziki machoni pa msomaji. Na katika Mhubiri sura ya 11, pale Mwingereza anapoagizwa kuutupa mkate juu ya maji, wao waliandika chakula. Neno moja la Kiingereza, maneno matatu ya Kiswahili, na kila moja mahali pake.

GHASIA ZA NJAA NA SIASA YA MKATE

Katika karne ya 18 bei ya ngano iliwatoa watu majumbani. Miaka ya 1766 na 1795 ni baadhi ya miaka ya ghasia hizo. Mwanahistoria E. P. Thompson, katika makala yake maarufu ya mwaka 1971, alionyesha kwamba makundi hayo hayakuwa ya wahuni waliopofushwa na njaa. Mara nyingi watu waliikamata nafaka, wakaiuza kwa bei waliyoiona ya haki, na fedha wakampa mwenye mali. Waliamini kwamba mkate una haki yake, imani iliyokuwa na mizizi katika ile sheria ya 1266. Kuna usemi wa Kiingereza wa kumtoa mtu mkate kinywani, yaani kumnyima njia yake ya kuishi. Mswahili angesema mtu huyo ametiliwa mchanga katika kitumbua chake.

Mwaka 1815 Bunge, lililojaa wenye mashamba, lilipiga marufuku ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka ya nyumbani ifikie bei ya shilingi 80 kwa kipimo kilichoitwa "quarter". Mlinzi wa mkate alikuwa amerudi kwa sura nyingine. Sheria hizo za nafaka zilipigwa vita hadi zikafutwa mwaka 1846. Hata katika uchaguzi wa mwaka 1906, mabango yalionyesha mkate mkubwa na mkate mdogo, mkubwa ukiwa wa biashara huru na mdogo ukiwa wa ushuru.

Marekani nayo iliongeza yake. Mstari wa maskini waliongoja mkate wa bure mijini ulizaa usemi wa kuishi katika "breadline". Wanamuziki wa jazi wenye asili ya Kiafrika waliuita mkate kwa maana ya fedha. Na baada ya mikate iliyokatwa kwa mashine ya Otto Rohwedder kuanza kuuzwa Chillicothe, Missouri, Julai 1928, kila kitu kipya kizuri kikaja kusifiwa kuwa hakijaonekana mfano wake tangu mkate uliokatwa.

TAMATI

Mkate wa dukani umekwisha kuwa chakula cha kawaida katika miji ya Kenya, na siasa yake pia imefika. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipopendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, pendekezo hilo liliondolewa mwezi Juni, na baada ya maandamano mswada wenyewe haukutiwa sahihi. Hata hivyo lugha haikimbii kwa kasi ya soko. Mwananchi aliyefukuzwa kazi bado humwaga unga, hamwagi mkate. Unga ndio wenye kumbukumbu ya jiko lake, ya mama aliyeukoroga na ya mwezi ulipokwisha kabla ya mshahara.

Hilo ndilo funzo kwa walimu na wafasiri. Nahau ya kigeni haiulizwi kwanza ina maneno gani. Huulizwa ni nani aliyekuwa na njaa ilipozaliwa, na ghala lilikuwa mikononi mwa nani. Baada ya hapo ndipo mfasiri achungulie katika lugha yake mwenyewe, na mara nyingi ataona kwamba watu wake walikwisha kulisema jambo hilo zamani kwa unga, kwa kitumbua au kwa riziki.