Waongoza Ndege na Kiti Kitupu

Usiku wa tarehe 1 Julai, 2002, katika chumba cha kuongozea ndege mjini Zurich, Uswisi, palikuwa na zamu ya watu wawili. Safari zilikuwa chache, na kwa desturi iliyozoeleka hapo, wakubwa wakiijua, mmoja alikwenda kupumzika akamwachia mwenziwe meza zote mbili. Usiku huohuo mafundi walikuwa wakitengeneza mitambo, na simu kubwa ilikuwa imefungwa. Mara ikatokea ndege iliyochelewa, ikitaka kutua Friedrichshafen. Mwongozaji akahangaika nayo, na kumbe kwenye meza ya pili ndege mbili zilikuwa zikikaribiana, zote katika kimo cha futi 36,000.

Jirani zake wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari. Walipiga simu tena na tena, isipite. Alipotambua, muda ulikuwa umebaki chini ya dakika moja. Aliiamuru ndege ya Warusi ishuke, hali chombo cha ndani ya ndege hiyo kikiwaambia marubani wapande. Ile nyingine nayo ilikuwa ikishuka. Zikagongana juu ya Überlingen, wakafa watu 71, wengi wao watoto wa shule waliokuwa wakienda likizo.

Elimu ya kufanya kazi pamoja ilikuwapo tayari wakati huo, nayo ilianza kwa marubani. Tarehe 27 Machi, 1977, ndege mbili ziligongana katika uwanja wa Tenerife, wakafa watu 583. Fundi wa ndege mojawapo alikuwa ameuliza kama njia ilikuwa wazi kweli. Nahodha akamjibu kwa hakika, naye akanyamaza. Baada ya msiba huo marubani wakaanza kufundishwa kusema na kusikilizana, na katika miaka ya 1990 shirika la Eurocontrol likawatungia waongoza ndege wa Ulaya mafunzo ya namna hiyo.

Humo wanafunzi hukaa pamoja na kuchambua tukio lililotokea: nani alijua nini, na alimwambia nani? Mdogo hujifunza kumuuliza mkubwa. Lililo gumu zaidi ni kutamka, "Nimezidiwa, nisaidie." Sisi walimu pia hutushinda.

Lakini neno hilo lahitaji msikilizaji, na kiti cha pili kule Zurich kilikuwa kitupu. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani watu wanne wa kampuni iliyokuwa ikiongoza ndege hizo.