Viraka Tisa

Viraka Tisa ni kipande cha msingi katika ushonaji wa mifarishi ya viraka nchini Marekani. Kilienea sana katika karne ya 19, na wasichana wengi walijifunza kushona kwa kipande hiki. Hukatwa miraba tisa ya pamba, kila upande inchi 3.5: mitano ya rangi iliyokoza, minne iliyofifia. Hupangwa kwa kupokezana na kushonwa safu tatu, mshono ukiwa robo inchi kutoka ukingoni. Uzuri wake hutegemea pasi: ziada za mshono zilazwe upande wa rangi iliyokoza, ili safu zikiunganishwa zipishane na pembe zikutane barabara. Kipande kilichokamilika huwa na inchi 9.5 kila upande, na 9 kikishaingia kwenye mfarishi.