Karura: Msitu Ulioponea Chupuchupu

Tazama ramani ya Nairobi, utaelewa mara moja kwa nini Karura ilimezewa mate. Upande huu kuna Muthaiga, upande ule Runda na Gigiri, yalipo makao ya Umoja wa Mataifa. Katikati ya mitaa hiyo ya mabwanyenye kumetandaa zaidi ya hekta 1,000 za miti. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu ardhi kwa ploti, hizo ni fedha zilizolala bure.

Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoitangaza Karura kuwa msitu wa serikali, mwaka 1932. Tusiwasifu wakoloni kupita kiasi kwa hilo. Ardhi yenyewe walikuwa wameichukua kwa Wakikuyu, na sehemu kubwa ya miti ya asili ilifyekwa ikapandwa mikaratusi, kwa kuwa magarimoshi ya enzi hizo yalikula kuni. Hata hivyo si yote iliyokwisha. Ilibaki mihugu, miti yenye mbao ngumu inayopendwa sana na wachonga vinyago. Ilibaki mizeituni mwitu, mito iliyopita chini ya vivuli, maporomoko ya maji, na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya 1950.

Uhuru ulipokuja, msitu ulirithiwa pamoja na sheria zake, na shida ilikuwa humo sheriani. Ili kuubadilisha mpaka wa msitu wa umma, waziri alihitaji kutoa ilani ya siku 28 tu katika Gazeti Rasmi la Serikali, gazeti ambalo mwananchi wa kawaida halioni hata likifungiwa nyama. Kuanzia miaka ya 1980 na hasa 1990, ardhi ya umma iligeuka zawadi ya kisiasa. Aliyepewa hakuwa na haja ya kujenga. Aliiuza kwa kampuni, kampuni ikauza kwa nyingine, na kila hati ilivyobadilisha mikono ndivyo mnunuzi wa mwisho alivyojiita mwenye mali halali.

Mwaka 1998 habari zilimfikia Profesa Wangari Maathai kwamba Karura ilikuwa imekatwakatwa na kugawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Huyu hakuwa mgeni wa vita hivyo. Mwaka 1989 alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa ndani ya bustani ya Uhuru, na jengo hilo halikujengwa. Shirika lake la Green Belt, alilolianzisha mwaka 1977, lilikuwa na silaha moja: miche. Yeye na wenzake, wakiwemo wabunge wa upinzani, wakaanza kuingia Karura kupanda miti pale ilipokatwa. Mlango ulipolindwa, walipitia kwenye kinamasi. Oktoba mwaka huo tingatinga na mitambo mingine ya ujenzi iliteketezwa kwa moto.

Kisha ikaja Ijumaa ya Januari 8, 1999. Maathai na kundi lake walifika langoni kupanda mti mmoja tu. Wakakuta kundi kubwa la walinzi wa kukodiwa wenye marungu, mijeledi na mapanga. Alipigwa kichwani. Akaenda kituo cha polisi kilichokuwa karibu kuandikisha malalamiko, na alipoambiwa atie sahihi, aliitia kwa damu yake mwenyewe. Polisi hawakwenda kuwakamata waliompiga. Waliokuwa naye, wabunge na waandishi wa habari wakiwemo, nao walijeruhiwa, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alilaani kitendo hicho.

Watu humkumbuka Maathai, na wana haki. Lakini wanafunzi wa vyuo vikuu wamesahaulika. Mwishoni mwa Januari hiyo waliingia barabarani kuutetea msitu, wakapambana na polisi kwa siku kadhaa, vyuo vikafungwa. Tumezoea kuwaita wanafunzi wa namna hiyo wahuni. Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma, na sidhani mama mmoja peke yake, hata awe shujaa kiasi gani, angemfikisha hapo.

Mengine yalifuata haraka. Serikali ilibadilika mwishoni mwa 2002, Maathai akawa waziri msaidizi wa mazingira, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka huo huo tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyonyakuliwa, ikapendekeza hati zilizotolewa ndani ya misitu zifutwe. Sheria ya misitu ya 2005 iliondoa ile njia ya mkato ya siku 28 na kulipeleka suala la mipaka Bungeni. Katiba ya 2010 ikaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma.

Msitu wenyewe bado uliogopwa. Ulikuwa maficho ya majambazi na mahali pa kutupia maiti. Mwaka 2009 wakazi wa jirani waliunda chama cha kuutunza pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Wakatafuta fedha za ua wa umeme na kuwaajiri vijana wa kijiji cha Huruma kuwa walinzi. Leo watoto wanaendesha baiskeli humo, na mbega weusi kwa weupe waliorudishwa miaka ya 2010 wanaruka juu ya vichwa vyao.

Ugomvi haujaisha. Mpango wa kupanua barabara ya Kiambu umeugusa msitu, na mwaka 2025 KFS na chama cha wakazi walifikishana mahakamani juu ya nani apokee ada za kuingia. Hayo ni magomvi ya hadharani, na hadharani ndiko yanakofaa kuwa. Karura ya miaka ya 1990 iligawiwa kimyakimya. Kwa hiyo, msomaji, ukiona vigingi vya mpima ardhi ndani ya msitu ulio karibu nawe, iwe Ngong Road, Ololua au kwingineko, usingoje tingatinga. Dai kuonyeshwa ombi lililopelekwa Bungeni, na kama halipo, piga kelele siku hiyo hiyo.