Injini Mbili, Kiti Kimoja

Msomaji, zipo historia za wafalme na zipo historia za vyuma. Hii ni ya vyuma. Lakini ukiifuata mpaka mwisho utakuta watu, maana chuma hakijiongezi nguvu chenyewe. Yuko mtu mwenye spana mkononi anayesema: bado, tuongeze kidogo.

Tuanze na jangwa. Tarehe 26 Desemba 1978 Mfaransa Thierry Sabine aliondosha msafara wa pikipiki, magari na malori kutoka Paris kwenda Dakar, Senegali. Mwaka 1977 alikuwa amepotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya, nusura afe. Mwingine angeapa kutorudi tena. Yeye alirudi na wazo la kuwapeleka wenzake hukohuko.

Malori yalikuwa punda wa safari hiyo: yanabeba vipuri, matairi na mafuta ya wenye magari madogo. Lakini mpe dereva wa lori njia ndefu na saa ya kumpimia muda, halafu uone kama atakubali kuwa punda. Kufikia 1980 malori yalikuwa na ushindani wao wenyewe, na washindi wao.

Hapo ndipo anapoingia Jan de Rooy. Huyu alikuwa Mholanzi, mzaliwa wa 1943, mwenye kampuni ya familia ya kusafirisha mizigo. Asidhaniwe kuwa tajiri aliyenunua mchezo ukubwani. Tangu miaka ya 70 mwanzoni alikuwa akikimbiza vigari vidogo vya DAF kwenye viwanja vya matope vya Ulaya. Kiwanda cha DAF kiko Eindhoven, jirani na kwao. Basi mtu, kiwanda na lori vikakutana.

Sasa tusimame kidogo, tufungue boneti. Lori linaongezwaje nguvu? Injini ya dizeli inakula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta ni rahisi: fundi anafungua pampu, dizeli inamiminika zaidi. Lakini mafuta bila hewa ya kutosha hayaungui yakaisha. Yanatoka nyuma kama moshi mweusi. Kwa hiyo lazima hewa iongezwe, na kazi hiyo ni ya tabo. Tabo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yamefungwa kwenye mhimili mmoja. La kwanza linazungushwa na moshi wa ekzosi, moshi ambao ungepotea bure. La pili linavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyepata hati ya ubunifu wa jambo hili, mwaka 1905.

Shida moja: hewa ikishindiliwa inapata moto, na hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo inayoingia ni kidogo. Dawa yake ni kuipitisha kwanza kwenye rejeta yake ya pekee, ipoe. DAF ilikuwa miongoni mwa viwanda vya kwanza kuweka kipoza hewa hicho kwenye injini za malori ya kawaida, mwaka 1973.

Ukishajua hayo, umeijua siri nzima: hewa zaidi, ipozwe, dizeli zaidi. Lakini kila hatua ina deni lake. Pistoni zinabanwa zaidi. Gasketi inatafuta mahali pa kupasukia. Giaboksi inapokea nguvu ambayo haikutengenezewa. Difu, springi, shokapu, matairi, vyote vinadai. Muulize fundi yeyote wa dizeli atakwambia: nguvu uliyoiongeza juu itakudai chini.

De Rooy hakuridhika na kuichokonoa injini moja. Aliweka mbili. Miaka ile ya 80 mwanzoni alijenga lori la ajabu, lenye injini mbili na vichwa viwili, likaitwa jitu la vichwa viwili. Watu walicheka. Kisha likaja TurboTwin, lenye kichwa kimoja sasa, lakini injini bado mbili. Mwaka 1987 De Rooy akashinda upande wa malori, na waliocheka wakaacha kucheka.

Angeweza kuishia hapo. Lakini mshindi naye ana ugonjwa wake: anataka kushinda tena, na kwa mbali zaidi. Kwa mashindano ya Januari 1988 yaliandaliwa malori mawili mapya, TurboTwin X1 na X2. Kila moja lilikuwa na injini mbili za silinda sita, lita 11.6 kila injini. Injini ya ukubwa huo kwenye lori la barabarani la DAF ilitoa chini ya nguvu za farasi 400. Hapa mbili kwa pamoja zilitoa zaidi ya 1,200. Uzito wa lori ni tani kumi na kitu. Si mchezo, bwana!

Picha za sinema za mwaka ule zipo. Katika jangwa unaona Peugeot 405 ya Ari Vatanen, bingwa wa dunia wa mwaka 1981, gari lililojengwa kwa ajili ya kukimbia tu. Ubavuni mwake inatokea nyumba nzima ya chuma. Inalifikia, inalipita. Vijana wa Ulaya waliiangalia picha hiyo vinywa wazi, na mpaka leo wapo wanaoitazama na kusema: babu kubwa!

Lakini siku chache tu zilitenganisha sifa na msiba. X2 lilikuwa likikimbia huko Niger, katika jangwa la Ténéré, mwendo wa karibu kilomita 180 kwa saa. Likapoteza mhimili, likabiringika mara kadhaa. Ndani walikuwemo watu watatu. Mwongoza njia, Kees van Loevezijn, alirushwa nje pamoja na kiti chake, mkanda ukiwa bado umemfunga. Alikufa.

Fikiria hapo, msomaji. Mkanda haukukatika. Kilichong'oka ni kiti. Lori lilipewa nguvu mara tatu ya lori la kawaida, lakini mahali kiti kinaposhikamana na sakafu palibaki pa kushindwa. DAF wakajitoa papo hapo, De Rooy naye akarudi nyumbani. Ushindi wa malori ukaenda kwa Karel Loprais wa Chekoslovakia na Tatra yake, yenye injini moja inayopozwa kwa hewa na nguvu ndogo zaidi kwa mbali, lakini yenye uti wa mgongo wa bomba la chuma uliozoea mashimo.

Na si Kees peke yake. Msimu ule walikufa watu sita. Watatu walikuwa washindani. Walikuja kwa hiari yao, wakijua. Watatu walikuwa wenyeji: mtoto wa kike wa miaka kumi nchini Mali, na mama na bintiye nchini Mauritania. Hao hawakusaini karatasi yoyote. Barabara ilikuwa yao kabla haijaitwa uwanja wa mashindano.

Mwaka 1989 malori hayakuruhusiwa kushindana. Yaliporudi 1990, injini mbili hazikurudi nayo. Baadaye Gerard de Rooy, mtoto wa Jan, alishinda mwaka 2012 na 2016 kwa lori la Iveco lenye injini moja. Jan mwenyewe alifariki mwaka 2024, akiwa na miaka 80. Mashindano nayo yalihama Afrika baada ya yale ya 2008 kufutwa kwa sababu ya usalama. Yalikwenda Amerika ya Kusini, na tangu 2020 yako Saudi Arabia.

Ujuzi haukufa. Injini moja ya lita 13 leo inakaribia nguvu farasi 1,000. Ila sheria inamwambia dereva: kilomita 140 kwa saa, usizidi. Wapo wanaolalamika kwamba sheria hiyo imeua utamu. Labda. Lakini waliokufa kabla ya sheria hawakupata nafasi ya kulalamika.

Nanyi mnaotaka kuandika, siku mkiandika juu ya lori hili msiandike tarakimu moja tu. Farasi 1,200, ndiyo, iandikeni, maana ni kazi ya akili na mikono ya watu. Kisha mstari unaofuata andikeni 6.